Maswali yenu ya nasaba: Watemi wa Saksonia wasio na Saksonia

Barua za safari hii nyingi zimeuangukia ukoo mmoja, Wettin wa Ujerumani, pengine kwa sababu matawi yake yameingia karibu kila mti wa kifalme wa Ulaya. Zinazofanana tumeziunganisha. Neno moja kwanza: Kiswahili hutumia "mtemi" kwa Herzog na kwa Fürst pia, na hapo makosa huanza, maana Herzog ni ngazi ya juu kuliko Fürst. Hapa "mtemi" ni Herzog peke yake. Fürst tumemwacha na jina lake.

SWALI: Kitabu kimoja kinamwita Albert, mume wa Malkia Victoria, mwanamfalme wa Sachsen-Coburg na Gotha. Kingine kinamwongezea "Mtemi wa Saksonia". Mbona Saksonia wakati huo ilikuwa na mfalme wake Dresden? Nani alimpa Albert Saksonia?

JIBU: Hakuna aliyempa. Alizaliwa na cheo hicho, sawa na kaka yake, baba yake na binamu zake wote wa kuumeni, na hakuna hata mmoja wao aliyetawala Dresden. Tumezoea kwamba cheo ni kiti: akikikalia mmoja, wengine wanasimama. Kwa makabaila wa Ujerumani cheo cha namna hii kilikuwa karibu na jina la ukoo. Watoto wote halali walikibeba, wa kiume na wa kike, hata kama ardhi ilikwenda kwa mmoja tu au iligawanywa vipande.

Chanzo ni mwaka 1423. Ukoo wa Wettin, ulioitwa hivyo kwa ngome yao iliyo juu ya mto Saale, ulikuwa tayari unashika Meissen. Tawi la Waaskania, ukoo mwingine, lililotawala Sachsen-Wittenberg lilipokatika mwaka 1422, Mfalme Sigismund alimpa Friedrich wa Meissen nchi ile. Ilikuja na vyeo viwili. Cha kwanza ni Herzog zu Sachsen, Mtemi wa Saksonia. Cha pili ni Kurfürst, yaani mmoja wa wale saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme wa Dola Takatifu la Roma. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 iliagiza kwamba nchi ya mchaguzi haigawanyiki na hurithiwa na kifungua mimba. Utemi haukuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo ukoo ulibaki na cheo kimoja kinachozaana na kingine kisichozaana, na ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka.

Mwaka 1485 ndugu wawili, Ernst na Albrecht, waligawana urithi mjini Leipzig. Ernst, aliyekuwa mkubwa, alibaki na Wittenberg na haki ya uchaguzi, Albrecht akachukua Meissen pamoja na Dresden. Wote wawili walibaki Watemi wa Saksonia, na uzao wao vilevile. Kisha tarehe 24 Aprili 1547, huko Mühlberg, Kaisari Karl V alimshinda na kumteka Johann Friedrich wa tawi la Ernst. Haki ya uchaguzi, pamoja na Wittenberg, ikahamishiwa kwa Moritz wa tawi la Albrecht. Uzao wa Ernst ukabaki na nchi za Thuringia na cheo cha utemi ambacho hakuna aliyeweza kuwavua. Wafalme wa Saksonia unaowataja, walioanza mwaka 1806, ni uzao wa Albrecht. Albert ni uzao wa Ernst.

Kwenye sarafu au nishani unaweza kuyatofautisha matawi haya kwa macho. Ngao yenye mistari kumi, nyeusi na ya dhahabu, iliyokatwa na taji la majani ya kijani lililolala kimshazari, ni Saksonia kwa jumla. Kila tawi lilikuwa nayo. Ngao ya nusu nyeusi na nusu nyeupe yenye panga mbili nyekundu zilizopishana ni ya mchaguzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi katika sherehe za dola. Baada ya 1547 panga hizo ni za Dresden. Ndizo zile zile zinazochorwa kwa buluu chini ya vyombo vya kauri vya Meissen.

Na sahihisho dogo kwa vitabu vyako vyote viwili: Albert alipozaliwa, tarehe 26 Agosti 1819, hakuwa wa "Coburg na Gotha". Baba yake alitawala Coburg na Saalfeld. Gotha iliingia mwaka 1826.

SWALI: Nachora mti wa ukoo huu na majina yenye vistari yamenishinda: Sachsen-Gotha-Altenburg, Sachsen-Altenburg, Sachsen-Coburg-Saalfeld, Sachsen-Coburg na Gotha. Pia nina Ernst III ambaye ukurasa wa pili anaitwa Ernst I. Ni watu wawili?

JIBU: Ni mtu mmoja, na ndiye baba yake Albert. Kabla ya 1826 alikuwa Ernst III wa Sachsen-Coburg-Saalfeld, baada yake akawa Ernst I wa Sachsen-Coburg na Gotha. Namba ya mtawala huhesabiwa kwa nchi, si kwa ukoo. Nchi mpya ikizaliwa, hesabu inarudi moja, hata kama kichwa kilichovaa taji ni kilekile.

Shina la majina hayo yote ni Ernst wa Gotha, aliyeitwa Mcha Mungu, aliyefariki mwaka 1675 akiacha wana saba. Mwaka 1680 waligawana: Friedrich akashika Gotha na Altenburg, Albrecht Coburg, Bernhard Meiningen, Heinrich Römhild, Christian Eisenberg, Ernst Hildburghausen, na kitinda mimba Johann Ernst akapewa Saalfeld. Baadhi ya nchi hizi ungeweza kuzivuka kwa farasi kabla ya jua kuzama. Watatu wakafa bila mrithi wa kiume: Albrecht wa Coburg mwaka 1699, Christian mwaka 1707, Heinrich mwaka 1710. Kila kifo kilileta ugomvi wa mipaka, na mwisho wa ugomvi ule Coburg iliungana na Saalfeld.

Mwaka 1825 likakatika tawi kubwa kuliko yote, Gotha-Altenburg. Mgawanyo wa Novemba 1826, uliosuluhishwa na mfalme wa Saksonia, ulihamisha watu kama makochi ya sebuleni. Mtemi wa Coburg alitoa Saalfeld akapata Gotha. Mtemi wa Hildburghausen aliacha nchi yake akaenda kutawala Altenburg. Meiningen ikameza Hildburghausen na Saalfeld. Ndiyo maana watemi wa Sachsen-Altenburg wa karne ya 19 hawatokani na watemi wa Sachsen-Gotha-Altenburg, ingawa majina yanakushawishi uwaunganishe. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi kwenye miti mnayotutumia.

Kosa la pili ni kudhani Gotha ilipita kwa Luise, mama yake Albert, kwa kuwa alikuwa binti wa Gotha-Altenburg. Haikupita. Urithi ulifuata nasaba ya kuumeni peke yake, na Luise na Ernst walipeana talaka mwaka uleule wa 1826. Ernst alipata fungu lake kama uzao wa yule kitinda mimba wa 1680, si kama mkwe.

Ukichora, anza na mwaka, jina liwe la mwisho. Kwa kila mtawala andika jina la ubatizo, mji wa makao, mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza. Mji wa makao ndio unaotambulisha tawi. Kisha fuata mstari wa baba kwenda juu hadi umfikie mmoja wa wale wana saba. Usipomfikia, huenda mtu wako ni wa tawi la Weimar, ambao walijitenga mapema zaidi, au ni wa tawi la Albrecht kabisa. Namba za Kirumi ziandike kwa penseli mwishoni.

SWALI: Mtemi akioa binti wa mtu wa kawaida, watoto walirithi?

JIBU: Mali, ndiyo. Kiti, kwa kawaida hapana. Sheria za koo za watawala zilidai hadhi sawa, Ebenbürtigkeit: mke atoke kwenye nyumba inayotawala au iliyowahi kutawala.

Kuna kisa cha Meiningen kinachoonyesha jinsi sharti hili lilivyokuwa na meno. Anton Ulrich alimwoa mwaka 1711 Philippine Elisabeth Caesar, binti wa kapteni wa jeshi. Ndoa ilikuwa halali kanisani, na watoto kumi wakazaliwa. Mwaka 1727 Kaisari Karl VI aliwapandisha hadhi mama na watoto. Jamaa wa kuumeni, ambao walikuwa wakisubiri tawi lile likatike wagawane, hawakukubali. Mwaka 1742 masharti aliyowekewa Karl VII kabla ya kutawazwa yalimfunga mikono kaisari asiwape haki ya kurithi nchi watoto wa ndoa zilizo wazi kwamba hadhi hazilingani. Watoto wote wa Philippine wakatupwa nje. Yeye alifariki mwaka 1744. Mwaka 1750 Anton Ulrich, akikaribia miaka 63, alimwoa binti wa Hessen-Philippsthal, wakazaa wanane. Jamaa waliokuwa wakisubiri wakabaki mikono mitupu. Mjukuu mmoja wa ndoa hiyo ya pili ni Adelheid, mke wa William IV wa Uingereza, ambaye jina lake mji wa Adelaide, Australia, unalibeba.

Usiichanganye ndoa ya namna hiyo na "ndoa ya mkono wa kushoto". Hii ya pili iliandikwa tangu mwanzo kwamba mke na watoto hawatapata cheo cha mume, na mara nyingi mke alitungiwa jina jipya. Georg II, mtemi wa Meiningen hiyohiyo, alimwoa mwigizaji Ellen Franz mwaka 1873, naye akaitwa Freifrau (baronesi) von Heldburg, si mtemi wa kike. Kwenye mti watoto wa ndoa zote mbili wachore kwa mstari kamili, ni halali. Mstari wa vitone uachie waliozaliwa nje ya ndoa. Kutorithi kiti kuonyeshe kwa alama nyingine.

SWALI: Nimekutana na Heinrich LXVII wa Reuss ambaye mwanawe ni Heinrich XIV. Ni kosa la uchapaji?

JIBU: Si kosa. Hawa si Wettin, ni majirani zao wa Thuringia, lakini swali ni zuri mno kuliacha.

Katika ukoo wa Reuss kila mwana wa kiume aliitwa Heinrich. Kila mmoja: kifungua mimba, kitinda mimba, aliyetawala, na aliyefariki akiwa mchanga. Namba ilitolewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa katika tawi zima, haihusiani na kutawala. Tawi la wakubwa, lenye makao Greiz, lilikusudia kuhesabu hadi mia ndipo lianze upya. Halikufika, liliishia kwa Heinrich XXIV aliyefariki mwaka 1927. Tawi la wadogo, lenye makao Gera, lilianza upya kila karne. Heinrich LXVII alizaliwa mwaka 1789, mwishoni mwa hesabu ya karne ya 18. Mwanawe alizaliwa mwaka 1832, karne mpya, akapata XIV. Watawala wa Gera na Schleiz kuanzia 1818 hadi 1918 kwa hiyo wanasomeka hivi: LXII, LXVII, XIV, XXVII. Wa kwanza na wa pili ni ndugu, halafu mtoto, halafu mjukuu.

Programu nyingi za kuchora miti hupanga watu kwa namba na zitakuvuruga hapa. Heinrich XIV anaweza kuwa wa Greiz au wa Gera, wa karne hii au ile. Mtambulishe kwa vitu vitatu kwa pamoja: tawi, namba, mwaka wa kuzaliwa.

SWALI: Nataka kuona kumbukumbu zenyewe badala ya kutegemea vitabu. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

JIBU: Anza kwa kuuliza mji wako uliangukia wapi baada ya 1918, watawala wa Ujerumani walipoondolewa. Coburg na Gotha, zilizokuwa na mtawala mmoja, zilitengana: watu wa Coburg walipiga kura mwaka 1919 kukataa kuingia Thuringia, wakajiunga na Bavaria mwaka 1920, na Gotha ikaingia Thuringia mwaka huohuo. Kwa hiyo hati za Coburg ziko Staatsarchiv Coburg, chini ya Bavaria, na za Gotha ziko Staatsarchiv Gotha, chini ya Thuringia. Meiningen, Altenburg na Greiz nazo zina nyumba zao za kumbukumbu huko Thuringia. Watu huandika barua Gotha kuulizia jambo la Coburg, wakajibiwa kwamba hakuna kitu.

Ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilienea Ujerumani yote tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo utategemea daftari za kanisa. Daftari huonyesha hasa siku ya ubatizo, na siku ya kuzaliwa wakati mwingine haipo. Usiijaze kwa kubahatisha. Katika mti wa Kijerumani kila tukio lina alama yake: nyota * ni kuzaliwa, ~ ni kubatizwa, msalaba † ni kufa, na pete mbili ⚭ ni ndoa.

Tarehe zina mitego miwili. Wa kwanza ni kalenda. Nchi za Kiprotestanti za Ujerumani, zikiwemo za uzao wa Ernst, ziliacha kalenda ya Juliasi mwaka 1700: baada ya Februari 18 ilikuja Machi 1. Kwa karne ya 17 mji wa Kikatoliki uko siku kumi mbele ya mji wa Kiprotestanti wa jirani. Mtoto anaweza kuonekana amebatizwa kabla hajazaliwa, kumbe waandishi wawili walifuata kalenda mbili. Andika tarehe kama ilivyo, kisha pembeni taja kalenda.

Mtego wa pili ni miezi iliyoandikwa kwa tarakimu: 7bris, 8bris, 9bris, Xbris. Hizo si Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Zinatokana na namba za Kilatini ndani ya majina ya miezi: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Miti mingi imekosea miezi miwili kwa sababu hii peke yake.

Mwandiko nao una mazoea yake. Katika hati za Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani, "e" ni vijiti viwili vilivyokaribiana, mtu huisoma "n". Na "u" imevikwa kitao kidogo juu ili isichanganywe na "n". Ukiona neno lenye vijiti vinne au vitano mfululizo, tafuta kitao kwanza.

SWALI: Nimesikia Ujerumani ilifuta ukabaila. Sasa mbona wapo watu wenye "Prinz von Sachsen" (mwanamfalme wa Saksonia) kwenye vitambulisho vyao?

JIBU: Katiba ya Weimar, ya jamhuri mpya ya Ujerumani, ya tarehe 11 Agosti 1919, kifungu cha 109, ilifuta haki za kipekee za makabaila na kukataza kutoa vyeo vipya, lakini vyeo vilivyokuwepo ikavigeuza sehemu ya jina. Austria mwaka huohuo ilikata zaidi: hata "von" iliondolewa. Kwa hiyo "Prinz" ya Mjerumani wa leo kisheria haina tofauti na jina la babu.

Mpangilio wa maneno ulibadilika pia. Kabla ya 1919 cheo kilitangulia: Prinz Ernst von Sachsen. Baada yake kinakaa kati ya jina la kwanza na la ukoo: Ernst Prinz von Sachsen. Ukisoma hati isiyo na tarehe, nafasi ya neno hilo inaweza kukudokezea upande gani wa 1919 ulipo, mradi mwandishi hakuwa mtu wa kung'ang'ania ya zamani. Umbo la kike linaruhusiwa, Prinzessin, tangu mahakama kuu ya dola ilipoamua hivyo mwaka 1926. Majina mengine ya Kijerumani hayabadiliki kwa jinsia.

Kwa kuwa ni jina, linapita kwa njia zote za jina. Anayeasiliwa akiwa mtu mzima anaweza kulipata, na anayeoa anaweza kulichukua kwa mkewe. Koo zenyewe haziwahesabu watu hao kuwa wa nyumba zao, kwa sababu zinafuata kanuni zao za zamani za kuzaliwa na ndoa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Prinz kwenye pasipoti na asiwepo kwenye mti, na wote wawili, serikali na ukoo, wako sahihi. Mti wako wa nasaba ukishamfikia mtu wa namna hiyo, andika "kwa kuasiliwa" na mwaka wake, usichore mstari wa damu.

Na ukimtafuta kwenye faharasa ya maktaba ya Kijerumani, fungua herufi S, kwenye Sachsen. Chini ya P hutampata.